Mngojane

Hotuba iliyotolewa Jumamosi alasiri kwa wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa vikundi vya nyumbani, katika ukumbi wa kanisa letu hapa Eastlands, Nairobi. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mchungaji wetu, wazee wenzangu, mashemasi, mama zetu mnaoongoza vikundi vya nyumbani, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango kana kwamba mna mpango wa kutoroka: Bwana asifiwe.

Niliombwa nizungumze juu ya imani, ibada na ushirika. Nilipopewa mada hiyo niliona kwamba nimepewa mambo matatu ambayo kila moja lingeweza kumaliza juma zima na bado likabaki na kiporo. Nikafanya anavyofanya mzee aliyeshindwa: nikarudi kwenye Biblia yangu ya zamani, ile ya mwaka wa 1952 ambayo jalada lake limeshikiliwa kwa gundi, nikatafuta neno moja tu la kunishika mkono. Nimelipata katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, aya ya 33: "Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, mngojane."

Mngojane. Ndilo neno langu la leo.

Wangapi kati yetu wamewahi kusikia mahubiri juu ya aya hiyo? Sioni mikono. Hata mimi sijawahi kuyasikia, na nimekuwa kanisani tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Lakini sura hiyo tunaijua kwa moyo. Kila Jumapili ya Ushirika Mtakatifu tunasomewa maneno yake: ya kuwa Bwana Yesu usiku ule aliotolewa alitwaa mkate. Tunaanzia aya ya 23, tunaishia ya 26, kisha sahani zinapita. Tumeyachukua maneno hayo matakatifu tukayakata kutoka katikati ya ugomvi, kama mtu anayekata nyama nzuri na kuacha mifupa, kwa maana kabla yake na baada yake Paulo anawakemea watu kwa ukali. Anawaambia waziwazi kwamba hawezi kuwasifu, kwa kuwa wanakusanyika, "si kwa faida bali kwa hasara." Ndugu zangu, mtu anaweza kuvaa vizuri, akapanda matatu, akaimba, akatoa sadaka, akarudi nyumbani na hasara? Paulo anasema inawezekana.

Hasara hiyo ilikuwa nini? Korintho ilikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekayo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili, na Paulo alikaa huko mwaka mmoja na miezi sita. Kanisa halikuwa na jengo. Walikutana katika nyumba ya mwamini mwenye nafasi, na chumba cha kulia cha nyumba ya namna hiyo kwa kawaida kilikuwa na vitanda vitatu vya kuegemea, kila kimoja kikiwa na nafasi ya watu watatu. Hesabu ni tisa. Wa kumi alikaa wapi? Alikaa uani. Na wa kumi alikuwa nani? Alikuwa yule aliyefika mwisho. Na kwa nini alifika mwisho?

Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Jumapili haikuwa siku ya mapumziko wakati huo. Ni Mfalme Konstantino wa Rumi, mwaka wa 321, aliyeamuru kwamba siku hiyo kazi nyingi za mjini zisimame. Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka mia tatu Wakristo walikutana siku ya kazi, kabla ya mapambazuko au baada ya giza kuingia. Mwenye nyumba na rafiki zake, watu wasio na bwana wa kuwauliza walikokuwa, waliweza kufika jua likiwa bado juu na kuanza kula. Mtumwa hakuweza. Mpagazi wa bandarini hakuweza. Walipofika, miguu ikiwa na vumbi, mkate ulikuwa umeliwa na divai imewapanda wenzao kichwani. Ndiyo maana Paulo anaandika: "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Kisha anauliza swali ambalo sijui kama yupo mzee wa kanisa anayeweza kulijibu bila kuinamisha macho: "Au mnalidharau kanisa la Mungu, na kuwatahayarisha hao wasio na kitu?"

Hakuwaambia wapunguze nyimbo, wala hakuwaambia waongeze mfungo. Dawa aliyowapa ilikuwa neno moja: mngojane.

Sisi Waswahili tuna methali isemayo, aliye juu mngoje chini. Mara nyingi tunaitumia tukiwa na uchungu, tukimngoja mkubwa fulani aanguke ili tumwone. Paulo anaigeuza kichwa chini miguu juu: aliye juu ndiye anayeambiwa amngoje aliye chini, na amngoje kwa chakula mezani.

Sasa niwape kisa, nacho si cha kujisifu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mzee wa zamu katika kanisa jingine hapa Nairobi, ambalo sitalitaja. Ibada ya kwanza ilianza saa moja asubuhi na kumalizika karibu saa tatu. Ilikuwa Jumapili ya Ushirika. Nilikuwa nyuma, kwenye chumba kidogo, nikipanga vikombe, ndipo akaja mwanamume mmoja amevaa sare ya ulinzi, koti zito la usiku likiwa bado mwilini, na viatu vimejaa tope. Alikuwa amelinda ghala huko Eneo la Viwanda tangu saa kumi na mbili jioni, mwenzake wa kumpokea akachelewa, kisha akaja kwa miguu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, Ushirika umekwisha?" Nami nikamjibu, "Umekwisha, ndugu yangu. Njoo mwezi ujao." Akasema, "Haya, mzee, asante." Akaondoka.

Wapendwa, mkate ulikuwa mkononi mwangu. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nimeushika. Divai ilikuwa imebaki vikombe visivyopungua ishirini, na baada ya dakika chache niliimwaga kama utaratibu ulivyonielekeza. Mtu yule alikuja tena mara mbili, nadhani, akakaa benchi la mwisho, kisha hakuonekana. Nilipoanza kumuulizia niligundua kwamba hakuna aliyelijua jina lake. Hata mimi, niliyemwita ndugu yangu, sikulijua.

Paulo anasema katika sura hiyohiyo kwamba mtu aweza kula na kunywa hukumu "kwa kutokuupambanua ule mwili." Nilifundishwa nikiwa kijana kwamba onyo hilo linahusu mkate: uushike kwa heshima, usiuangushe, usicheke. Nilitii. Sikuwahi kuuangusha. Lakini sura moja tu kabla ya hapo Paulo amekwisha kusema, "Kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja." Basi asubuhi ile mwili ulisimama mbele yangu umevaa koti la ulinzi, na mimi nilikuwa nikihesabu vikombe.

Jiulizeni ni nani katika mtaa huu ambaye Jumapili kwake bado ni siku ya kazi, kama ilivyokuwa Korintho. Ni wauguzi. Ni madereva na makondakta wa matatu zilizotuleta sisi ibadani. Ni wahudumu wa vituo vya petroli, na wasichana wanaopika chakula ambacho baadhi yetu tutakikuta mezani baada ya ibada. Hao si walegevu wa imani. Wamechelewa kwa sababu sisi tuliwahi.

Nisije nikakaa Korintho mpaka usiku. Mnamkumbuka Eutiko, kijana wa Troa, katika Matendo sura ya 20? Paulo aliongea hata usiku wa manane, kijana akasinzia dirishani, akaanguka toka orofa ya tatu. Nawaona vijana mnatabasamu. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba Paulo mwenyewe alikatiza hotuba, akateremka chini, akamkumbatia. Hakutuma mtu. Baada ya hapo ndipo walipopanda wakamega mkate. Wale wanaokaa dirishani, nusu ndani na nusu nje, wana haki ya kuona mhubiri akishuka ngazi.

Niende kwa Marko sura ya 2. Tumeifundisha habari hii tangu shule ya Jumapili: watu wanne wanamleta mwenye kupooza, wanakosa njia, wanatoboa dari, wanateremsha godoro. Watoto huipenda kwa sababu ya dari. Lakini tazameni ni nini kilichowazuia mlangoni. Si maaskari, wala si Mafarisayo. Marko anasema watu walikusanyika wengi, isibaki nafasi hata mlangoni, naye Yesu akawa akisema nao neno lake. Waliouziba mlango walikuwa wasikilizaji wa Neno! Walikuwa katika ibada nzuri, pengine ibada bora kuliko zote zilizowahi kufanyika Kapernaumu, na kila mmoja alikuwa amempa mgonjwa mgongo kwa sababu uso wake ulikuwa umeelekea kwa Yesu. Inawezekana, basi, kumtazama Bwana kwa bidii kiasi cha kumfungia mlango mtu anayemhitaji. Walichotakiwa kufanya ni kusogea tu.

Kisha Marko anaongeza: "Naye Yesu, alipoiona imani yao." Yao. Ya nani? Mgonjwa hajasema neno lolote tangu habari ianze. Hatujui kama aliamini, hatujui kama alitaka kuletwa. Huenda alikuwa amekata tamaa kabisa na akawaambia wamwache alale. Yesu aliitazama imani ya wanne na akamsamehe wa tano.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha nyumbani, mjane, ameniruhusu niseme alichoniambia, bila jina lake. Baada ya kumzika mumewe alikaa karibu mwaka mzima akija kwenye kikundi kila Alhamisi bila kuomba. Tulipofumba macho, yeye aliyakodoa. Tulipoimba, alinyamaza. Baadhi yetu tulianza kunong'ona kwamba amerudi nyuma. Nasikitika kusema kwamba katika kamati tulitaka kumpeleka mtu akamwonye. Siku moja alisema mwenyewe: "Wakati ule sikuwa na imani hata ya kujaza kijiko. Nilikuwa nakuja kukaa karibu na yenu, kama mtu anayekuja kuota moto kwa jirani." Ndugu zangu, kama tungempelekea onyo lile, tungekuwa tumemfukuza motoni usiku wa baridi.

Swahili yetu inatusaidia hapa kuliko lugha nyingine ninazozijua. Tazameni maagizo ambayo mitume waliyapa makanisa: pendaneni, chukulianeni, onyaneni, himizaneni, pokeaneni, mngojane. Yote yana ile -ana, inayodai kuwe na mwingine. Mtu anaweza kungoja peke yake hata stegi nzima ikabaki tupu. Lakini kungojana peke yako huwezi, hata ukifunga siku arobaini.

Mniruhusu sasa nirudi mwaka wa 2020, ingawa najua wengi wetu hatupendi kurudishwa huko. Nyumba za ibada zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Zilipoanza kufunguliwa mwezi Julai, masharti yalikuwa haya: watu wasiozidi mia moja, kwa muda usiozidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 pamoja na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka 61. Silaumu masharti hayo, yaliwekwa kutulinda, na wazee wenzangu kadhaa hawapo leo kwa sababu ya ugonjwa ule. Lakini nataka kuwaambia jinsi ilivyokuwa. Jumapili ya kwanza nilivaa suti, nikatembea hadi lango la kanisa ambalo nilisaidia kuchimba msingi wake, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikasikiliza wimbo ukipita juu ya ukuta. Nilisikiliza beti mbili nikarudi nyumbani.

Ndipo nikaanza kumfikiria tena yule mlinzi. Nilikuwa na miaka 61 kabla sijajua ng'ambo ya barabara panafananaje.

Waraka kwa Waebrania sura ya 10, aya ya 25, unasema, "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine." Sisi wazee tunaupenda mstari huu, ni kiboko chetu cha kuwachapia wasiohudhuria. Lakini sentensi haikuanzia hapo. Imeanzia aya ya 24: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Kuangaliana kumetangulia. Walioko ndani ndio wanaoambiwa kwanza wageuze shingo waone ni nani hayupo. Katika miezi ile ya 2020 ni msichana mmoja wa kikundi chetu, wakati huo akiwa kidato cha tatu, aliyenipigia simu kila Jumapili saa nne, akanisomea somo la siku, akaomba, akaendelea mpaka salio linakatika. Mara nyingi lilikatika kabla ya Amina. Nilikuwa nikiimalizia mwenyewe jikoni.

Nina neno moja zaidi, na hili ni gumu, kwa sababu kuna wengine tusiowangoja, na si kazi iliyowachelewesha. Tunajua waliko, na tunajua kwa nini hawaji, nasi tumefurahi kimoyomoyo kwamba hawaji. Mathayo sura ya 5 inasema: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako." Yesu aliyasema hayo Galilaya. Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, karibu kilomita 120, yaani kama kutoka hapa hadi karibu na Emali, na watu walikwenda kwa miguu kwa siku tatu au zaidi. Wazieni mtu amefika na mwana-kondoo wake baada ya safari hiyo, amepanga foleni, zamu yake imekaribia, anakumbuka jirani. Anamwacha mnyama akilia, anarudi kilomita 120, anapatana, kisha anaanza tena safari. Na angalieni: hakusema ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Alisema ndugu yako ana neno juu yako.

Nilishuhudia jambo kama hilo mara moja tu maishani. Wazee wawili wa kanisa walikosana juu ya fedha za mchango wa mazishi. Miaka mitatu walikaa pande mbili za kanisa kama sanamu. Mmoja hatimaye akahama, akaenda kuishi Kitengela. Jumapili moja ya Ushirika, sahani ilipofika benchi la yule aliyebaki, alimpisha jirani yake, akainuka, akatoka. Mhazini wetu alimfuata hadi mlangoni, nami nilidhani anakwenda kumfariji. Alikwenda kumuuliza kama ameacha bahasha ya zaka. Alikuwa hajaiacha. Yule mzee alipanda matatu hadi Kitengela kwa mwenzake bila kupiga simu. Mke wa mwenzake alifungua, akapika chai, na wale wanaume wawili wakaongea juu ya ng'ombe na mvua muda mrefu kabla ya mmoja kuthubutu kutaja jambo lenyewe. Risiti hazijapatikana mpaka leo, na kila mmoja bado anaamini hesabu yake. Lakini Ushirika uliofuata waliketi benchi moja, na sahani ilipopita, yule wa kwanza aliishika mpaka mwenzake akachukua.

Ndugu zangu, nilipewa dakika arobaini nami nimezila. Ratiba inasema chai ni saa kumi na moja na nusu, na ndiyo sasa. Naona mama zetu wa jikoni wamekwisha kuleta mandazi, na harufu yake imenipunguzia wasikilizaji. Lakini nimezungumza na Mchungaji kabla ya kusimama hapa. Pale langoni tuna walinzi wawili, yule wa mchana ambaye zamu yake inaisha saa kumi na mbili, na yule wa usiku anayefika saa hiyohiyo kumpokea. Wa mchana ametufungulia lango sote leo, mmoja mmoja. Wangapi wamemuuliza jina? Katika miaka minne aliyotulindia hapa hajawahi kunywa chai ndani ya ukumbi huu. Huwa tunampelekea kikombe, kikifika kimepoa. Nimemwomba aingie akabidhi zamu yake humu ndani, mwenzake naye aingie, na vijana wawili kutoka pale mlangoni wamekubali kushika lango kwa nusu saa.

Kwa hiyo naomba sufuria zisifunuliwe. Zimebaki dakika thelathini. Tuketi.